Soda ya Daiti si Maji: Mwongozo wa Kunywa kwa Mkazi wa Amu

Ami yangu alipopimwa na kuambiwa kwamba ana kisukari, hakuiacha soda, aliibadilisha. Kila siku baada ya swala ya alasiri alikuwa akiketi barazani, kofia ameiweka gotini, chupa ya soda nyeusi isiyo na sukari iko kuumeni kwake na kipande cha halua ndani ya karatasi kiko kushotoni. Nilipomuuliza siku moja kama amekunywa maji tangu asubuhi, aliiinua ile chupa akasema, "Hini ni sawa na mai tu, mwanangu. Haina sukari."

Hilo si jibu la mtu mjinga, na ndiyo sababu linastahili kujibiwa kwa utaratibu. Soda ya daiti kweli haina sukari, kweli haina kalori za kutajika, na sehemu yake kubwa kweli ni maji ambayo mwili huyapokea na kuyatumia. Hata hivyo, hayo hayatoshi kuifanya iwe sawa na maji. Katika mwongozo huu nitaeleza namna ya kuipima soda hiyo, namna ya kuinywa kwa madhara machache kwa yule asiyetaka kuiacha, na namna ya kuhamia kwenye maji kwa mkazi wa Amu, yaani kisiwa cha Lamu, ambako, kwa maoni yangu, tatizo halianzii dukani bali kisimani.

Ipime na iliyo mwenzake

Kosa la kwanza ni la mizani. Soda ya daiti haikutengenezwa ichukue nafasi ya maji. Ilitengenezwa ichukue nafasi ya soda ya sukari, na ikiwekwa kando ya hiyo inashinda bila ubishi. Soda nyeusi ya kawaida ina takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, kwa hiyo chupa ya kioo ya mililita 300 hubeba gramu 32 hivi, ambazo ni vijiko vinane vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, yaani gramu 50 hivi kwa mtu mzima, na kwamba ni bora zaidi ikiwa chini ya nusu ya hapo. Anayekunywa chupa moja alasiri na nyingine usiku amekwisha kuuvuka mpaka huo kabla hatujaihesabu chai ya maziwa.

Asiyeamini na afanye jaribio hili, ambalo nililifanya jikoni mbele ya ami mwenyewe. Chukua sufuria mbili ndogo, mimina soda ya kawaida katika moja na ya daiti katika nyingine kwa kipimo kimoja, kisha uziache zichemke kwa moto wa wastani mpaka maji yakaribie kukauka. Sufuria ya kwanza itabakiwa na shira nzito nyeusi inayovutika kwenye mwiko kama ile ya kumiminia kaimati. Ya pili itabakiwa na doa jembamba la rangi ya kahawia lililoganda chini, ambalo huwezi hata kulikusanya kwa kijiko. Usiondoke jikoni wakati huo, kwa sababu shira ya kwanza huungua upesi na kuisugua sufuria ni kazi ya siku mbili.

Basi kwa mtu aliyekuwa akinywa soda ya sukari, kuhamia kwenye ya daiti ni kushuka ngazi moja kuelekea pazuri. Tatizo ni la yule anayeifanya ngazi kuwa nyumba.

Kusoma kilichomo

Maelezo ya viungo huandikwa kwa herufi ndogo mno kando ya chupa, tena kwa Kiingereza, lakini mara nyingi kuna nambari zinazosaidia hata bila ya lugha. Nambari 951 ni aspatami, 950 ni asesulfami, 955 ni sukralosi, 954 ni sakarini, na 960 ni utamu unaotolewa katika majani ya stevia. Hivi vyote ni vikoleza utamu. Aspatami na asesulfami zina utamu unaoikaribia mara 200 ya ule wa sukari, na sukralosi huifikia mara 600, ndiyo sababu kiasi kinachotiwa kwenye chupa ni kidogo mno. Ukiona 338, hiyo ni asidi ya fosforiki, na 330 ni asidi ya sitriki. Tutarudi kwazo tutakapofika kwenye meno.

Vitu hivi si vya juzi. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 na mkemia Constantin Fahlberg katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins nchini Marekani, naye alieleza kwamba aliitambua kwa kula mkate jioni kwa mikono yenye mabaki ya kazi ya mchana, mkate ukawa mtamu kupita kawaida. Bibi zetu wanaotufukuza mezani tukanawe wangekuwa na la kumwambia.

Mtu mmoja tu ndiye anayepaswa kuiogopa aspatami moja kwa moja, naye ni yule aliyezaliwa na ugonjwa wa nadra uitwao fenilketonuria, ambaye mwili wake hauwezi kuivunja fenilalanini, kiungo kilichomo ndani ya aspatami. Onyo lake huwa limeandikwa kwenye chupa.

Ama saratani, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi katika mazungumzo ya barazani, jambo lenyewe liko hivi. Mwezi wa Julai 2023, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka aspatami katika kundi la 2B, yaani la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani lakini ushahidi wake ni mchache. Katika kundi hilohilo imo dondoo ya jani zima la shubiri. Wakati uleule, kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula iliupitia ushahidi na kuubakisha mpaka wa zamani, ambao ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Fanya hesabu mwenyewe: mtu wa kilo 60 ana mpaka wa miligramu 2,400, na kopo moja la soda ya daiti linaweza kuwa na miligramu 200 hadi 300 za aspatami, kwa hiyo atahitaji makopo manane hadi kumi na mawili kwa siku, kila siku, ili aufikie mpaka huo. Hofu ya saratani, basi, si sababu yangu ya kumwambia ami aipunguze. Ninazo sababu nyingine.

Uzito, na halua ya mkono wa kushoto

Wengi huinywa soda ya daiti ili wapungue, na hapa majaribio hayakubaliani. Jaribio moja la Marekani, lililochapishwa mwaka 2016 na kugharamiwa na chama cha watengenezaji wa vinywaji, liliwafuata watu 303 kwa mwaka mzima, na waliokunywa vinywaji vya daiti walipungua kilo 6.21 kwa wastani, ilhali waliokunywa maji walipungua kilo 2.45. Jaribio jingine la mwaka 2015 lililofanywa kwa wanawake wa Iran kwa wiki 24 lilitoa jawabu la kinyume: waliokunywa maji baada ya chakula cha mchana walipungua kilo 8.8, na waliokunywa soda ya daiti kilo 7.6. Msomaji atazame pia nani alilipia nini, lakini asidhani kwamba hilo peke yake linaifuta hesabu. Ninachokisoma mimi ni kwamba watu hawa wote walikuwa katika mpango wa kupunguza chakula, wakihesabiwa na kushauriwa, na hali hiyo si ya mtu anayejinywea barazani.

Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwezi wa Mei 2023 kwamba vikoleza utamu visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito, kwa kuwa faida yake ya muda mrefu haikuonekana, na kwamba tafiti za kuwafuatilia watu kwa miaka mingi zinavihusisha na kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo. Neno "zinavihusisha" lisomwe kwa uangalifu: mtu aliyekwisha kunenepa au kuambiwa sukari yake inapanda ndiye anayekimbilia daiti, kwa hiyo huenda ugonjwa ndio ulioileta soda na si soda iliyouleta ugonjwa. Ushauri huo, tena, haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari, na ami ni mmoja wao.

Kinachomhusu ami ni ile karatasi ya kushotoni. Mtu anapojiona ameokoa vijiko vinane vya sukari hujipa ruhusa mahali pengine, na ruhusa hiyo huwa kubwa kuliko akiba aliyoiweka. Isitoshe, ulimi unaopewa utamu wa namna hii mara tatu kwa siku haupati nafasi ya kuzoea kitu kisicho kitamu, na maji kwake yanakuwa kama adhabu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuinywa ni hii: soda ya daiti isinywewe pamoja na kitu kitamu. Iwe na wali na samaki, au isiwepo.

Meno

Hapa ndipo maji yanaposhinda kwa wazi, na ni ajabu kwamba ndipo pasipotajwa. Asidi hupimwa kwa kipimo cha pH, ambacho kila kinaposhuka hatua moja ukali huongezeka mara kumi. Maji safi yako karibu na 7. Gamba gumu la nje la jino huanza kuyeyuka chini ya 5.5 hivi. Soda nyeusi, iwe ya sukari au ya daiti, iko kati ya 2.5 na 3.5. Kuondoa sukari kumewanyima chakula bakteria wanaotoboa meno, na hiyo ni faida ya kweli, lakini asidi ya fosforiki na ya sitriki zimebaki palepale.

Kinachoumiza zaidi si wingi wa soda bali ni muda wake mdomoni. Anayeimaliza chupa kwa dakika kumi wakati wa chakula huyapa meno yake shambulio moja, kisha mate yanafanya kazi ya kuyarudisha katika hali yake. Anayeionja kidogokidogo tangu alasiri hadi magharibi, neno moja la mazungumzo na funda moja la soda, huyaosha meno yake kwa asidi kwa saa mbili bila ya kuyapumzisha. Basi inywe kwa wakati mmoja, pamoja na chakula, kwa mrija ikiwezekana, kisha sukutua kwa maji. Usipige mswaki papo hapo, kwa sababu gamba lililolainika husuguliwa likaondoka. Subiri angalau nusu saa.

Sukari inaposhuka, daiti haifai kitu

Sehemu hii naomba isomwe na kila mwenye mgonjwa nyumbani. Mtu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge vya kisukari anaweza kushukiwa na sukari ghafla: akatetemeka, akatoka jasho baridi, akachanganyikiwa, akawa mkali bila sababu. Wakati huo anahitaji gramu 15 hivi za sukari ya kufyonzwa upesi, ambazo hupatikana katika mililita 150 za soda ya kawaida, yaani nusu ya chupa ya kioo, au katika vijiko vitatu hadi vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji. Baada ya dakika 15 apimwe tena, na ikiwa bado iko chini apewe kiasi kilekile. Soda ya daiti haitamsaidia hata tone, na chupa mbili hizi hufanana mno, hasa kwa mtu aliyeshikwa na wasiwasi. Iwapo amepoteza fahamu asinyweshwe chochote, bali akimbizwe hospitali. Mvuvi mwenye kisukari anayetoka usiku na asibebe daiti peke yake chomboni.

Tengeneza maji kwanza

Katika maisha yangu yote hapa Amu sijaona mtu anayeyachukia maji. Nimeona watu wanaouchukia munyu, yaani chumvi iliyomo majini. Maji matamu ya kisiwa hiki ni ya mvua inayozama katika vilima vya mchanga vya Shela na kukaa ardhini juu ya maji ya bahari, kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Yakivutwa kupita kiasi, au mvua ikichelewa, yale ya chini hupanda, na ndiyo maana kisima kilichokuwa kitamu baada ya masika huweza kuwa na munyu mwisho wa kaskazi. Mtu anayeteka maji ya namna hiyo, yakamkwaruza koo, kisha akapita dukani na kuiona chupa yenye ubaridi ndani ya friji, hahitaji mawaidha. Anahitaji maji mengine.

Jambo la kwanza ni kuyatenga maji ya kunywa na maji ya kazi. Ya kisima cha munyu yatumike kufulia na kuoshea, na ya kunywa yatoke katika mvua iliyovunwa au katika jerikeni za maji matamu zinazoletwa na punda. Wenye paa la kuvunia na tangi wayaache maji ya mvua ya kwanza yapite, maana yanaosha vumbi na vinyesi vya ndege, kisha wayakinge yanayofuata. Wazee wa Pate na Faza hawakujenga majabia, yaani matangi ya maji ya mvua, kwa kupenda kazi. Tahadhari moja: kuyachemsha maji hakuondoi munyu, bali huuongeza kidogo kwa kuwa maji hupungua na chumvi hubaki. Mwenye shinikizo la damu asiyategemee maji hayo kwa kunywa.

Ama vijidudu, hao huondoka kwa kuchemsha. Maji yafikie kutokota kwa nguvu kwa dakika moja kamili, kisha yapoe yakiwa yamefunikwa. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo cha kwenye chupa yake na asubiri nusu saa kabla ya kunywa. Harufu ikimkera ayaache yapumue katika chombo chenye mdomo mpana. Na asiye na mafuta wala dawa ajaze maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita mbili au chini yake, ailaze juani kwa saa sita, au kwa siku mbili ikiwa kuna mawingu.

Baada ya hapo ndipo ladha. Mtungi wa udongo hupoza maji kwa sababu maji hupenya polepole katika udongo na kukauka nje, yakichukua joto. Kwa hiyo uweke mahali panapopita upepo, si pembeni ya jiko, na chini yake pawe na kisahani cha kukinga matone. Uoshe vizuri mara mbili kwa wiki na utumie kata yenye mpini mrefu ili mikono isiingie ndani. Ukiwa mkavu, upindue juu ya chetezo chenye ubani kwa dakika chache, halafu utie maji mara moja ili moshi ushike. Maji ya mtungi uliofukizwa yana ladha ambayo hakuna kiwanda kilichoweza kuiuza, na nyumba nyingi zimeisahau tangu friji zilipoingia. Asiye na mtungi atie majani ya nana au iliki mbili zilizopondwa katika jagi usiku. Ndimu pia ni nzuri, ila ina asidi yake, kwa hiyo isiwe kinywaji cha kutwa.

Kuhama

Usiikatishe soda siku moja. Soda nyeusi ya daiti huwa na kafeini, miligramu 30 hadi 46 hivi katika kopo, na aliyezoea chupa tatu kwa siku akiacha ghafla huumwa na kichwa ndani ya siku moja, kisha akaamini kwamba maji ndiyo yanayomuumiza. Badala yake, iulize kila chupa kazi yake. Ami alikuwa na tatu: ya saa nne asubuhi ilikuwa ya kiu, ya alasiri ilikuwa ya mazungumzo, na ya usiku ilikuwa ya chakula. Ile ya kiu ndiyo rahisi kuondoka, na iliondoka kwa sharti moja tu, kwamba anywe bilauri nzima ya maji ya mtungini kabla ya kuifungua. Siku nyingi hakuifungua. Ya alasiri ilichukua mwezi, na mahali pake pamekaa kahawa chungu ya muuzaji anayepita na dele lake, ambayo haina sukari na haimlazimishi kushika chupa. Ya chakula cha usiku bado anainywa, na sijamwambia neno.

Usidanganyike kwamba kila kisicho soda ni maji. Juisi ya ukwaju yenye vikombe viwili vya sukari haijawa dawa kwa kuwa imetengenezwa nyumbani. Dafu lina sukari yake ya asili, kidogo, lakini mwenye kisukari ailipie katika hesabu yake. Watoto ni bora wazoeshwe maji na maziwa. Chama cha magonjwa ya moyo cha Marekani kilishauri mwaka 2018 wasinyweshwe vinywaji vya daiti kwa muda mrefu. Mwezi wa Ramadhani, wakati wa kufuturu, maji na tende vitangulie, na soda nyeusi isinywewe daku, kwa sababu kafeini yake itamnyima mtu usingizi mfupi uliobaki kabla ya kazi.

Ukitaka kujua kama unakunywa vya kutosha, tazama mkojo: rangi ya majani makavu yaliyofifia inatosha, na ukikoza kama chai ya rangi ongeza. Wanaohusika na kipimo kingine ni wagonjwa wa figo na wale ambao moyo wao umechoka, ambao huenda wamewekewa kiasi maalumu cha maji kwa siku na daktari. Hao wafuate kiasi hicho hata jirani akiwasifia maji namna gani, na dafu waliulizie kwanza, kwa kuwa lina potasiamu nyingi ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa.